Bwana Shamba na Pikipiki za Marehemu

Bwana Shamba akifika nyumbani kwa watu alitazama kuku kwanza. Wenyeji walidhani ni mazoea ya kazi, maana alikuwa afisa wa kilimo mpaka akastaafu, na afisa wa kilimo kutazama mifugo si ajabu. Kumbe alikuwa akitafuta mahali wanapolala. Kuku wa kienyeji, alinieleza, hapendi kulala chini. Hutafuta kitu kilichoinuka, chembamba cha kushikika kwa vidole, na kisiwe kitu kinachosogezwa sogezwa na watu. "Sasa nyumbani kwa mtu ni kitu gani hicho?" akaniuliza. Nikamwambia mti. Akashusha pumzi kama mwalimu aliyepewa darasa la watoto wasiofundishika. "Usukani wa pikipiki iliyokufa, Fundi. Fuata mavi ya kuku utaiona."

Mimi nashona viti vya pikipiki na tuktuk hapa Maweni, Malindi. Banda langu limegusana na ua aliokuwa akikodi yeye, na miaka yote tuliyokaa ukuta kwa ukuta sikupata kumwita kwa jina. Mji mzima ulimwita Bwana Shamba, hata wauza madafu ambao hawakuwa wamezaliwa wakati akizunguka na mbegu za serikali. Yeye aliniita Fundi. Siku akiwa na jambo zito aliniita mwanangu, nami nikisikia neno hilo niliweka sindano chini, kwa kuwa nilijua leo kuna mashaka.

Alitafuta pikipiki za zamani. Si za juzi hizi. Alizitaka zile za chuma kizito zilizoachwa na wazungu wa mashamba ya mkonge, na mapadri, na idara za serikali zilizouza vitu vyao mnadani, na skuta za Wataliano wa hapa mjini waliozeeka wakarudi kwao. Pikipiki ambayo mwenyewe amekufa au amehama, ikasukumwa nyuma ya nyumba, ikafunikwa makuti, ikasahauliwa na kila mtu isipokuwa kuku.

Na hakuuliza pikipiki. Ukiuliza pikipiki, alisema, utaitiwa bodaboda, na nauli utalipa. Yeye alipiga hodi, akasalimu, akapewa kigoda, akanywa maji, akauliza mihogo imeshika vipi mwaka huu. Mazungumzo yalipolainika ndipo akaleta swali lake: "Hapa kwenu, zamani, ni nani aliyekuwa akisikika kabla hajaonekana?" Watu walicheka, kwa sababu kila kijiji kilikuwa na mtu huyo. Palikuwa na katekista, palikuwa na karani wa mkonge, palikuwa na mchinjaji aliyeleta nyama Ijumaa na watoto wakimsikia wakaanza kuruka. Karibu kila mara mtu mwenyewe alikuwa marehemu. Bwana Shamba aliinamisha kichwa, akamwombea pumziko, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na chombo chake kiliishia wapi?"

Mimi ni mtu wa mji. Sikuona ubaya wa swali hilo mpaka baadaye sana.

Siku moja Mambrui alikuwa akila mishikaki kando ya barabara, akaacha kutafuna. Akaitoa nyama iliyobaki, akapangusa kijiti kwa leso yake, akakiinua juani. Kilikuwa spoku ya pikipiki, kama ilivyo kawaida kwa wachoma nyama wa huku, lakini nene kuliko spoku za leo. Mchomaji akadhani amepata mteja mwenye makeke. "Nimeziosha, mzee wangu, wallahi." Bwana Shamba akamwambia, "Mimi siulizi usafi wake. Nauliza ukoo wake." Kabla jua halijapinduka walikuwa wamefika kwenye kisima ambako rimu nzima imefungwa juu ili kamba ya ndoo ipite. Tangi alilikuta kwa muuza mafuta ya taa. Taa ilikuwa imetundikwa sebuleni kwa mtu, imetiwa maua ya plastiki. Alizunguka kijiji chote kuitazama pikipiki ile kipande kwa kipande, na jioni akarudi Malindi mikono mitupu, amefurahi kama aliyetoka harusini.

Nikamgombeza. "Sasa umepata nini?"

"Nimeiona."

"Kuiona ndiyo nini? Ungewapa cha kuwapa ukaja navyo."

"Na kamba ya kisima waipitishe wapi, Fundi?"

Hivyo ndivyo alivyokuwa, na alinichosha. Uani kwake palikuwa na tatu tu, alizopewa na wajane waliotaka nafasi ya kuanikia mahindi. Nyingine zote alizipata akaziacha palepale zilipo. Alifungua plagi, akadondosha mafuta kidogo ndani, akazungusha injini kwa mkono taratibu ili isikamate kutu, akafunika tena. Walikuja watu na magari yao mazuri wakitaka awaonyeshe zilipo. Aliwakaribisha chai, akawasimulia habari za mihogo mpaka wakachoka wakaondoka.

Nilifuatana naye mara moja tu, na kwa siku ile moja nikaelewa. Alikuwa amesikia habari za pikipiki karibu na Kuruwitu, kwa mjane wa mpishi aliyepikia wazungu, na akaniomba nije nipime kiti, kama kipo. Mjane alikuwa mkarimu na msahaulifu. Alisema haikuwahi kuwapo, kisha akasema iliuzwa, kisha akatuletea uji. Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa, natafuta namna ya kuaga. Bwana Shamba aliendelea kunywa uji wake na kumtazama jogoo mmoja aliyekuwa akiingia na kutoka katikati ya rundo la makuti mabovu nyuma ya choo.

Aliinuka, akaomba ruhusa. Tukaanza kuondoa makuti moja moja. Kwanza palitokea ukingo wa madigadi, umeliwa na chumvi ya bahari. Ukatokea mkono wa usukani, na chini ya vumbi rangi ya kijani ya embe bichi, na kioo cha taa hakijavunjika. Mimi, mwanamke mzima, ambaye pikipiki kwangu ni kitu cha kuletewa asubuhi na kuchukuliwa jioni, nilijikuta nimepiga magoti kwenye mavi ya kuku na buibui langu, nachimbua kwa kucha. Sijui nilikuwa nataka nini. Nilichojua ni kwamba kitu hiki kilikuwa hapa muda wote huo watu wakipita kwenda chooni, na sasa sisi ndio tunaojua. Nikanyanyua pindo la shela nipanguse tangi.

"Usipanguse," akasema. "Hilo vumbi ni lake."

Akaweka kiganja chake juu ya tangi, akainama. "Shikamoo," akaiambia.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Yeye hakucheka. Alisema kitu kilichokutangulia duniani unakiamkia, na kwamba yeye alipopata kazi yake ya kwanza, pikipiki hii ilikuwa imeshachoka. Nilipomweleza mjane, naye akaja akasimama pale mlangoni, akasema, "Kumbe ipo. Mimi nilidhani nimeota." Hatukuichukua. Nilimshonea kiti kipya, akawa anakikalia akichambua mchele.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake, na nilipenda kumchokoza kwa hilo. Maisha yake yote ya kazi aliwaambia watu waache mambo ya zamani. Ng'oeni mihogo hii ya babu zenu, pandeni hii mpya. Acheni jembe hili, shikeni lile. Alikuwa akifika shambani kwa mtu na pikipiki ya serikali, akihubiri mapya mpaka jasho linamtoka. Alipostaafu akarudi njia zilezile, safari hii akitafuta walichokitupa. Nilimuuliza kama hiyo ni toba. Akasema si toba, ni uzee, na kwamba mtu akiwa kijana huona kitu kikuukuu na akiwa mzee humwona aliyekuwa nacho. Tena aliwachukia vijana wa bodaboda kwa mbio zao, na yeye mwenyewe akipanda kile kipikipiki chake cha kila siku hujawahi kuona mzee anayekata kona namna ile.

Hakupaka rangi pikipiki hata moja. Fundi rangi wa jirani alijitolea mara nyingi kuzing'arisha zile tatu. Bwana Shamba alikataa kwa hasira ambayo hakuwa nayo katika mambo mengine. Ukiipaka rangi, alisema, umeifanya iongope umri wake.

Lakini kichwa chake alikipaka. Hilo lilikuwa siri yetu. Kabla ya safari ya kwenda kwao Magarini alinijia akizungukazunguka maneno, mpaka akaitaja ile rangi nyeusi ya nywele ya pakiti. Yeye aliona haya kuinunua, basi niliinunua mimi kama ya kwangu, na muuza duka mpaka leo ananiona mwanamke wa mvi. Nilimtania. "Ni nani huyo wa Magarini, Bwana Shamba? Wamwoa lini?"

Akacheka kidogo. "Fundi, huko kwetu mvi si kitu cha kutembea nacho."

Nilidhani ni mzaha. Siku hiyo jioni nilimsimulia mteja wangu mmoja, mama wa Kigiriama muuza mboga, nikicheka. Yeye hakucheka. Alinieleza kwamba siku hizi huko bara yetu mzee mwenye mvi akitembea peke yake hufuatwa kwa macho. Mtoto akiugua atatajwa yeye. Ng'ombe akifa, atatajwa yeye. Na wengine hawakuishia kutajwa, walikutwa asubuhi shambani mwao wamekatwa kwa panga. Mara nyingi, alisema, ukichunguza utakuta nyuma ya maneno kuna ekari. Wazee wenye akili hujipaka rangi.

Hapo ndipo nilipolifikiria lile swali lake kwa masikio ya watu wengine. Mzee anatoka Malindi, anaingia mji wa watu, boma lao, asikojulikana vizuri, anauliza habari za marehemu, na vitu vyao viliishia wapi. Niliogopa. Nikamwambia aache, akaniambia anajulikana, yeye ni Bwana Shamba, amekula kwenye nyumba zote hizo. Nikanunua pakiti nyingine.

Sasa nieleze habari za nduguye, kwa kuwa yaliyobaki yote yanatoka hapo.

Kaka yake mkubwa alikuwa msimamizi katika shamba la mkonge, na mzungu wake alipoondoka alimwachia pikipiki, kubwa, ya kijivu, yenye mlio mzito wa taratibu. Kijiji kizima cha kwao Magarini kilijua mlio ule. Mkewe akiusikia alijua bwana amefika barabara kuu, akainjika maji ya kuoga. Bwana Shamba alinisimulia mlio huo mara nyingi kuliko alivyonisimulia habari za marehemu mkewe. Kaka akafa. Akazikwa, na pikipiki ikasukumwa ndani ya banda la mahindi.

Kwa Wagiriama msiba una sehemu mbili. Kuna hanga la kwanza, la kuzika, na kuna hanga la pili, linalokuja baadaye watu wakijaliwa, ambalo ndilo linaloufunga msiba. Mpaka hilo la pili lifanyike, vitu vya marehemu havigawanywi na havichukuliwi. Bwana Shamba aliliheshimu jambo hilo kila alikokwenda. Mara ngapi amefika mahali, ameiona pikipiki kwa macho yake, akaambiwa hanga la pili bado, akaaga na kuondoka na kungoja miaka. Na sasa ilikuwa zamu ya kwao. Hanga la kaka yake lilichelewa, na lilichelewa kwa sababu ya shamba. Watoto wa marehemu walitaka likigawanywa liuzwe, kuna watu wa mjini walilitaka. Mwenye kuliongoza hanga na kugawa ni ndugu wa marehemu aliyebaki, yaani yeye, na yeye alisema hauzi mahali alipozikwa kaka yake na mjane wake yu hai. Basi wakawa wanatazamana.

Alikuwa akienda kila baada ya muda, anaingia bandani, anadondosha mafuta kwenye plagi, anazungusha injini kwa mkono, anatoka. Hakuihamisha hata shubiri moja. Mpaka ile siku aliyoingia na petroli kwenye chupa ya soda.

Aliponisimulia baadaye kwa simu alisema hakukusudia. Alitaka tu kuona kama kabureta inapitisha. Akapiga kiki, ikakataa. Akapiga tena na tena, jasho likimtoka, na alikuwa karibu kuacha. "Kisha ikaitika, mwanangu," akasema. "Baada ya miaka yote hiyo. Ikaitika kama aliyeitwa jina." Akaiacha iende. Alisimama mule bandani katikati ya moshi, mzee yule, amefumba macho, anasikiliza, wala hakukumbuka kwamba nje kuna watu.

Nje mlio wa mtu aliyekufa ulikuwa ukitoka ndani ya banda lililofungwa. Wanawake walikimbia na watoto. Mmoja wa vijana alifungua mlango na simu yake mkononi, akapiga picha, na picha ile ndiyo iliyozunguka. Niliiona. Mpwa wake mkubwa, mtoto wa kwanza wa marehemu, ndiye aliyenionyesha, alipokuja bandani kwangu. Bwana Shamba wakati huo alikuwa ameshatoroka kwa kupita mashambani mpaka barabara ya lami, na hapa uani hakurudi.

Kijana alinisalimu vizuri. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Namtafuta baba mdogo."

"Hayuko. Tangu juzi mlango u hivyo."

Akanisogezea simu. Moshi, na uso wa mzee akigeuka kwenye mwanga. Jasho lilikuwa limeyeyusha rangi ya nywele, ikamtiririka nyeusi kwenye paji la uso, na mashavuni, na shingoni, na juu mvi zimetokeza mabaka mabaka. Asiyejua angeogopa. Mimi nilijua, niliinunua mwenyewe, na bado niliogopa.

"Waona?" akasema. "Usiku ule mtoto wa jirani akashikwa na homa."

"Na hiyo ni rangi ya nywele, mwanangu. Yauzwa duka lile pale."

Hakutazama nilikoonyesha.

"Wewe waamini kwamba baba yako mdogo ni mchawi?" nikamuuliza.

Akaitia simu mfukoni. "Mimi siamini, wala sikatai. Lakini vijana wameamini. Ukimwona mwambie asije." Akaaga kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyonikosesha usingizi. Angetukana ningejua la kufanya.

Nilipata habari zake kwa simu. Yuko Dabaso, kwa binti yake. Ua wake nikaulipia kodi, wenyewe wasije wakautoa kwa mtu, zile tatu nikazifunika turubai. Mahali ambapo asubuhi nilisikia kikohozi chake na redio yake pakawa kimya. Nilimkosa, na nilikasirika, kwanza na wale vijana, kisha na yeye. Kwa nini mlio? Mtu anayejua kungoja miaka kwa wajane wa watu alishindwaje kungoja kwake mwenyewe?

Juzi shemeji yake akaja, yaani mjane wa yule kaka. Alikuwa ameletwa hospitali kuonyesha macho, akaniulizia mpaka akanipata. Ni mwanamke mdogo wa mwili, mzee sana. Alikaa kwenye kiti cha tuktuk nilichokuwa sijakimaliza, akanywa maji, akaanza bila kuulizwa.

"Siku ile mimi nilikuwa nyuma, nakoka moto. Nikasikia. Nikasimama, nikachukua sufuria, nikainjika maji ya kuoga. Nikatafuta na kanga ya kumpa ajifutie. Maji yalipopata moto ndipo nikakumbuka huyu mtu nimemzika."

Nikamwambia pole.

"Usinipe pole. Mwambie shemeji yangu mimi sikukasirika. Mwambie kwa kitambo kile mume wangu alikuwa yuaja." Akapangusa macho yake mabovu kwa pembe ya kanga. "Na mwambie hanga la pili ni Jumamosi. Bila yeye halifungiki. Wanangu wamekubali aje."

"Wamekubali kwa moyo, mama?"

"Wamekubali kwa mdomo," akasema. "Mdomo nimeusikia. Moyo mimi nitauona wapi?"

Jana nilikwenda Dabaso. Nilichukua mkate wa mofa anaoupenda, na kwa mazoea nikapitia dukani nikatia na pakiti ya rangi kwenye kikapu. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya bintiye, upande unaotazama mikoko, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Sikuwa nimepata kuziona. Alikuwa amekuwa mzee hasa, na alikuwa amependeza.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Marahaba, Fundi. Zile tatu hazijambo?"

Nikampa ujumbe wa shemejiye neno kwa neno, kama nilivyopewa. Alisikiliza ameinama. Nilipofika kwenye maji ya kuoga alifunika uso kwa viganja, akauliza kutoka humo ndani:

"Alikuwa wapi aliposikia?"

"Nyuma. Jikoni."

"Kumbe ilifika mpaka jikoni." Akaondoa mikono. Alikuwa analia na anaona fahari kwa wakati mmoja. "Haikukohoa, eti? Hakusema ilikuwa ikikohoa?"

"Hakusema."

"Haikukohoa," akasema.

Kisha nikamwambia habari ya Jumamosi, na kabla hajajibu nikamwambia asiende. Nilisema kila nilichokuwa nacho. Nilimkumbusha picha, na panga, na ile adabu ya mpwa wake. Nilimwambia wakitaka kugawa wagawe, wauze, wale, kaburi halitakimbia. Nilipandisha sauti mpaka bintiye akachungulia dirishani. Yeye alikuwa akimega mkate.

"Nisipokwenda msiba haufungwi," akasema. "Na usipofungwa, ni mimi niliyemwacha kaka yangu nje. Hapo watakuwa wamesema kweli, Fundi. Sasa hivi wanaongopa."

"Na wakikuua?"

"Watakuwa bado wanaongopa."

Nikatoa pakiti kikapuni, nikaiweka kwenye goti lake. Angalau hiyo, nikasema. Paka vizuri, usitoke jasho. Aliigeuza mkononi, akausoma upande wa nyuma kama hajapata kuuona, akanirudishia.

"Yule alikuwa mkubwa wangu. Nitaufunga vipi msiba wa mkubwa wangu na kichwa cha kijana?"

Bintiye akaita chakula. Hatukuinuka. Niliitazama ile pakiti, nikaitazama mikoko, nikafikiri namna mtu anavyoweza kuingia mji wa watu bila kuulizwa amefuata nini. Ilinijia polepole.

"Ile ya kijivu, kiti chake kikoje?"

"Kimepasuka katikati. Kuku."

"Basi Jumamosi itagawanywa, na atakayepewa atataka kiti. Nitakuja na sponji na ngozi na sindano zangu. Nitakaa pale pale uani nishone, mbele ya watu wote, mpaka umege tonge la mwisho la ugali."

"Fundi, huko si kwenu."

"Nami sikuuliza kama ni kwetu."

"Watakuuliza wewe ni nani wangu."

"Nitawaambia mimi ni mwanao."

Alinitazama. Ninaogopa hata sasa ninapoandika haya, sponji imekatwa na kufungwa mlangoni, na kesho kutwa ndiyo Jumamosi yenyewe. Nilitarajia acheke, au anigombeze kwa ukaidi kama nilivyozoea kumgombeza yeye. Alipangusa makombo ya mkate kwenye kanzu yake, taratibu, upande mmoja kisha wa pili.

"Haya," akasema. "Njoo mapema, mwanangu."